Umekatwa NSSF. Je, pesa zimefika?

Uzi. Wiki hii nimeona tena klipu ya mkutano wa hadhara. Mtu ameshika maikrofoni anauliza umati, "Nani hapa hajaumizwa na makato ya NSSF?" Kimya. Jioni, upande ule mwingine wakajibu kwenye runinga kwamba hiyo ni akiba yenu, mtashukuru mkizeeka. Kama kawaida hapa hatutaji majina wala vyama. Tusome tu sheria, kwa sababu pande zote mbili ziliruka jambo moja.

Kwanza hesabu, na hapa ndipo watu wengi hudanganywa.

NSSF ilianzishwa 1965. Kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa shilingi 200, mwajiri akaongeza 200 nyingine. Jumla 400 kwa mwezi, uwe mlinzi au meneja. Sheria mpya ya 2013 ikabadilisha: asilimia 6 kutoka kwako, asilimia 6 kutoka kwa mwajiri. Mara moja watu wakaenda kortini, wakiwemo wenye mashamba ya chai na vyama vya wafanyakazi, na ile sheria ikakaa tu kwenye karatasi. Septemba 2022 Mahakama ya Leba ikasema inakiuka katiba. Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikapindua uamuzi huo na makato mapya yakaanza. Februari 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha kesi kwa Mahakama ya Rufaa, lakini makato hayakusimama.

Sasa sikiza hii. Ile asilimia 6 haikatwi kwa mshahara wote. Kuna kiwango cha juu, na pesa zilizo juu ya hapo haziguswi. Mwaka wa kwanza, 2023, kiwango kilikuwa 18,000. 2024 kikawa 36,000. 2025 kikawa 72,000. Februari 2026 kikafika 108,000. Ndiyo maana kila Februari unasikia "NSSF imepanda tena".

Imepanda kwa nani? Chukua mtu anayelipwa 30,000. 2023 alikatwa 1,080. 2024 akakatwa 1,800, yaani asilimia 6 ya mshahara wake wote. 2025? 1,800. 2026? 1,800. Wa 15,000 anakatwa 900 tangu siku ya kwanza, haijasonga hata shilingi. Nyongeza ya 2025 iliwagusa wanaozidi 36,000, na ya 2026 wanaozidi 72,000. Kwa hivyo mwanasiasa akikuambia wewe wa 15,000 kwamba umeongezewa makato mwaka huu, muulize amesomea wapi hesabu. (Makato mengine ya hiyo hati ya mshahara ni hadithi tofauti, tusichanganye.)

Hapa wale wa "mtashukuru" watashangilia. Ngojeni kidogo.

Mjomba wangu alifanya kazi miaka 19 kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Enzi za 400. Kila mwezi alikatwa 200, na hati zake zote za mshahara aliziweka kwenye mkebe wa biskuti, maanake yeye ni mtu wa kuweka karatasi. Duka likafungwa. Akaenda kuulizia akiba yake, akapewa taarifa ya akaunti yenye mashimo. Miezi ipo, miezi haipo. Ukijumlisha, miaka 4 mizima alikatwa na pesa hazikupelekwa.

400 mara miezi 48 ni 19,200. Mjomba alikasirika siku mbili hivi, kisha akasema, "Acha tu, ni pesa ya mbuzi wawili." Lakini weka mtu wa leo hapo, wa 30,000. Wewe 1,800, mwajiri 1,800, jumla 3,600 kwa mwezi. Miaka 4 ikipotea ni 172,800, kabla hata ya faida. Hiyo si mbuzi tena, ni ploti ndogo mahali fulani.

Hili ndilo jambo lililorukwa. Mjadala wote uko kwa kiasi kinachokatwa. Hakuna anayeuliza kama kimefika. Kadiri mchango unavyokuwa mkubwa, ndivyo mwajiri mwenye shida ya pesa anavyojaribiwa kukaa nazo "mwezi huu tu". Kisha mwezi unakuwa mwaka.

Sheria inasema nini? Haiko kimya. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe hati inayoonyesha mshahara na kila kilichokatwa. Inamtaka pia apeleke kinakostahili kile alichokata kwako, na kukosa kufanya hivyo ni kosa lenye faini au kifungo. Mchango wa NSSF unafaa kufika kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukichelewa, mwajiri anatozwa adhabu. Ile sehemu ya mwajiri ni yake, haruhusiwi kuitoa kwako kupitia mlango wa nyuma. Kama unalipwa 30,000 na unakatwa 3,600, unalipa mara mbili.

Kuna kitu kingine kinachochanganya watu kwenye hizo taarifa. Mchango umegawanywa madaraja mawili. Daraja la Kwanza, linalohesabiwa kwa 9,000 za kwanza za mshahara, lazima liende NSSF. Daraja la Pili, ambalo ndilo nono, mwajiri anaweza kulipeleka kwenye mpango wa kibinafsi wa pensheni uliokubaliwa na RBA, ile mamlaka inayosimamia mipango ya malipo ya uzeeni. Kwa hivyo ukikuta NSSF una 1,080 tu kwa mwezi badala ya 3,600, usianze vita ofisini. Uliza kwanza Daraja la Pili liko wapi, kisha udai taarifa ya huko.

Tena, usichanganye pensheni na malipo ya utumishi. Wengi wakifutwa wanaambiwa na marafiki, "Enda udai malipo ya kila mwaka uliofanya kazi." Haki hiyo ipo kwa Sheria ya Ajira, lakini kifungu hichohicho kinamwondoa mtu aliye mwanachama wa NSSF au wa mpango wa pensheni uliosajiliwa. Yaani sheria ilidhani tayari unawekewa akiba, haina haja ulipwe mara mbili. Sasa fikiria mtu kama mjomba: kwa karatasi ni mwanachama, kwa akaunti ana mashimo. Na madai chini ya Sheria ya Ajira yana muda wa miaka 3. Ukilala, mlango unafungwa. Kwangu mimi hapo ndipo wabunge wangekuwa wanapigana.

Watumishi wa serikali wana njia yao. Zamani hawakuchanga, pensheni ililipwa moja kwa moja kutoka hazina kuu. Wale walioingia kwenye mpango mpya ulioanza Januari 2021 sasa wanachanga asilimia 7.5 na serikali asilimia 15. Swali la "zimefika?" linawahusu pia, ila hilo nitaliandikia uzi wake.

Mjomba alipeleka ule mkebe wa biskuti kwa ofisi ya NSSF. Karani akapanga hati moja moja mezani kwa miezi, akalinganisha na kompyuta, akaandika miezi iliyokosekana. Kuna faili sasa, na wanamtafuta mwenye duka. Bila zile karatasi angekuwa na maneno tu.

Ingia kwa akaunti yako ya NSSF usiku huu, linganisha na hati za miezi 12 iliyopita. Ukipata shimo, andika hapo chini ni miezi mingapi, bila jina la kampuni tafadhali. Nataka kuona tuko wangapi.