Mbwa wa shamba aliyepasuliwa goti: namna ya kumuuguza bila kuharibu twahara ya nyumba

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Ifakara, Kibaoni, Mang'ula na vijiji vya ng'ambo ya mto Kilombero, mbwa ni kiumbe asiyezungumzwa. Hukumbukwa pale tu anapobweka usiku. Lakini mpunga unapokomaa na familia kuhamia shambani kwa wiki au miezi, ni yeye anayekesha chini ya dungu akiwafukuza nguruwe mwitu, na mchana nyani. Siku akirudi akichechemea, mguu wa nyuma ukining'inia, ndipo nyumba inapogawanyika. Mmoja anataka apelekwe kwa daktari, mwingine anasema ni najisi tu, aachwe afe.

Tuanze na hilo la pili, kwa sababu ndilo linalowaua mbwa wengi kuliko jeraha lenyewe. Mtume (S.A.W) alikataza kufuga mbwa bila haja, na katika hadithi sahihi akawatoa kwenye katazo hilo mbwa wa mifugo, wa kuwindia na wa shamba. Kwa hiyo mbwa wa dungu yumo ndani ya ruhusa. Na ukishamfuga, wanazuoni wameeleza kuwa kumlisha na kumnywesha mnyama aliye chini ya mikono yako ni wajibu, haikufalii kumfungia hadi afe njaa. Habari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, na Allah (S.W) akamsamehe kwa ajili hiyo, imo katika Bukhari na Muslim. Najisi ya mbwa ni suala la kuosha. Haiondoi haki yake ya kuhurumiwa.

Goti lenyewe linaharibikaje?

Goti la mbwa huwa limekunjwa muda wote, hata akisimama. Ndani yake kuna kano inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Mbwa anayekimbia kwa kasi kwenye jaruba, mguu ukazama shimoni huku mwili ukigeuka upande mwingine, anaweza kuikata kano hiyo kwa mara moja. Wengine huikata polepole kwa uzee au unene. Utamwona anagusa chini kwa ncha ya vidole tu, na akikaa hunyoosha mguu ule pembeni badala ya kuukunja chini yake. Baada ya wiki chache paja la upande huo huanza kunywea.

Lakini si kila kuchechemea ni goti. Mwiba, mtego wa waya, kuvunjika mfupa kwa kugongwa na pikipiki, vyote vinafanana kwa mbali. Na lipo moja la kuogopwa zaidi: kichaa cha mbwa cha aina ya kupooza. Hiki huweza kuonekana kwa miguu ya nyuma kulegea, taya kuning'inia, mate kutoka na mbwa kushindwa kumeza. Watu hudhani amekwamwa na mfupa, wakaingiza mkono mdomoni. Usifanye hivyo hata kidogo. Mbwa aliyelegea bila sababu inayojulikana, hasa asiye na chanjo, asishikwe na mtu. Mfungie mahali na umwite bwana mifugo.

Ikithibitika ni kano ya goti, mbwa mwepesi wa chini ya kilo kama 15, na mbwa wetu wengi wa kienyeji ni wa uzito huo, mara nyingi hupata nafuu kwa kutulizwa tu wiki nyingi. Aliye mzito zaidi huhitaji kupasuliwa. Njia ya zamani ni daktari kufunga uzi mzito nje ya goti ushike nafasi ya kano. Njia nyingine, iliyoletwa na daktari wa Marekani aitwaye Barclay Slocum katika miaka ya 1990, ni kukata mfupa wa muundi na kuugeuza kidogo, kisha kuufunga kwa chuma. Kazi hizi si za bwana mifugo wa kata. Mwulize akuelekeze. Mkoani kwetu kuna hospitali ya wanyama ya kufundishia katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na ni vyema kuuliza kwanza kabla ya kumpakia mgonjwa kwenye gari kupitia Kidatu na Mikumi. Walio upande wa Ulanga na Malinyi angalau hawangojei tena kivuko, tangu daraja la mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018.

Akisharudi nyumbani

Hapa ndipo kazi inapoanza, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Daktari anapasua kwa saa moja au mbili. Goti linapona kwa wiki nane hadi kumi na mbili. Mbwa huanza kujisikia vizuri kabla goti halijawa zima, pengine wiki ya tatu tu, akawa anataka kuruka. Mwenye nyumba naye humwonea huruma, akamfungua. Siku hiyohiyo akimwona paka, uzi unakatika na fedha yote imekwenda.

Kwa hiyo tayarisha mahali padogo kabla hajarudi: kona ya banda au kibaraza cha nyuma, mbali na mahali pa kuswalia na jiko. Pawe pakavu, na wakati wa masika hili litakusumbua katika bonde letu, basi inua sakafu kwa mbao au matofali. Tandika magunia makavu, uyabadilishe yakilowa. Sakafu ya saruji tupu huteleza, nayo ni mbaya kwa mguu mmoja. Pumba za mpunga usitumie karibu na mshono maana hunasa kwenye jeraha.

Atoke kujisaidia tu, mara tatu au nne kwa siku, dakika tano, akiwa kwenye kamba fupi. Siku za mwanzo pitisha kipande cha gunia au khanga kuukuu chini ya tumbo, mbele kidogo ya miguu ya nyuma, umwinue asibebe uzito wote. Hakuna ngazi, hakuna kuruka, hakuna kucheza na mbwa wenzake.

Katika siku tatu za kwanza, barafu iliyopondwa na kufungwa ndani ya kitambaa, ikawekwa juu ya goti kwa dakika kumi mara tatu kwa siku, hupunguza uvimbe na maumivu. Kiwepo kitambaa kingine kikavu katikati ili mshono usilowe.

Mshono ukague asubuhi na jioni. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo ni kawaida kwa siku chache. Usaha, harufu, joto linaloongezeka, nyuzi kufunguka, au mbwa aliyekuwa ameanza kukanyaga akaacha tena, hayo yanataka daktari siku hiyohiyo. Katika joto la Ifakara adui mkubwa ni nzi. Huyataga mayai yake kwenye jeraha lenye unyevu, na kwa siku moja tu unaweza kukuta mabuu. Weka chandarua kilichochakaa juu ya kona yake. Usipake majivu, mafuta ya taa, oili chafu ya gari wala unga wa betri. Yote haya hutumika mitaani na yote huunguza nyama inayojaribu kuunga. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.

Tena kuna imani kwamba mate ya mbwa ni dawa na aachwe ajilambe. Si kweli. Kulamba hufungua nyuzi na kuingiza vijidudu. Chukua ndoo ndogo ya plastiki, toboa kitako chake kiasi cha kupita kichwa, lainisha ukingo kwa kitambaa, kisha uifunge kwenye mkanda wa shingoni. Atakasirika siku mbili, halafu atazoea.

Dawa za binadamu ziache kabisa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo ziko karibu kila nyumba, humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo kwa kiasi ambacho kwa mtu ni kidogo. Panadol nayo huweza kuua ini lake. Tumia alizoandika daktari wa mifugo, na uzimalize hata akionekana mzima.

Chakula kipunguzwe, kama robo hivi, kwa kuwa hatembei. Mbwa aliyenenepa akiwa kifungoni huliangushia goti mzigo ambao halijawahi kuubeba.

Nyuzi zikishatoka, na daktari akiruhusu, mlaze ubavuni umkunje na kumnyoosha mguu taratibu mara kumi, asubuhi na jioni, ukiacha pale anapoonyesha maumivu. Kisha matembezi ya polepole kwenye kamba, dakika tano, ukiongeza kidogo kila wiki. Vitabu vya Ulaya husifu sana kumwogelesha. Sisi wa bonde hili tunajua nani anaishi mto Kilombero, basi hilo tuwaachie wenyewe.

Twahara ya anayemhudumia

Mtu mzima mmoja achaguliwe kazi hii, watoto wakae mbali. Awe na nguo zake za banda, na glovu zikipatikana. Kanzu ya swala isifike huko. Mbwa awe na sufuria yake chakavu isiyochanganywa na vyombo vya nyumba.

Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa naye kikiwa na unyevu, uwe wa mate, maji au jasho la mkono wako, huoshwa mara saba, moja yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Wamaliki wao wanaona mbwa ni twahara na kuosha chombo alichoramba ni ibada tu. Tunalitaja hili ili usimgombeze jirani anayefuata rai hiyo. Jambo moja wengi hulikosea: kumgusa mbwa hakutangui udhu. Ukiwa na udhu ukamgusa kwa unyevu, osha sehemu iliyoguswa kama ilivyoelezwa, ukaswali. Weka ndoo ya maji, sabuni na kopo la udongo mlangoni mwa banda, nayo haitachukua dakika tatu.

Mbwa mpole wa miaka yote huuma akishikwa penye maumivu. Wakati wa kumkagua mfunge mdomo kwa utepe wa kitambaa unaozunguka pua na kufungwa nyuma ya masikio, isipokuwa akitapika au akihema kwa shida. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kuuliza sindano za kichaa cha mbwa, hata kama alama ni ya jino moja. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna dawa. Mbwa achanjwe kila mwaka kama bwana mifugo atakavyopanga. Kama chanjo yake imepitwa, mweleze daktari kabla ya upasuaji.

Na akishapona mchunguze mguu wa pili. Mbwa aliyekatika kano goti moja mara nyingi hukatika na la pili ndani ya miaka michache, basi ukiona anaanza kukaa na mguu pembeni, usingoje mavuno yaishe.