Mwanya wa Meno: Kabla Hujaamua Kuuziba



Hivi karibuni mama mmoja alikuja ofisini na binti yake wa miaka 13. Binti alikuwa amejifunga kijipira kwenye meno mawili ya mbele, kama alivyoona kwenye simu, ili mwanya wake ufungike. Fizi zilikuwa zimevimba. Mama aliniambia, "Nilifikiri daktari wa meno hapa ni wa wenye pesa." Kumbe kwa mtoto wake ni bure. Ndiyo maana ninaandika.

Kwanza, onyo: msijifunge mpira kwenye meno. Mpira huteleza chini ya fizi, hupanda hadi kwenye mzizi na kula mfupa unaoshika jino. Watu wamepoteza meno mazima ya mbele kwa njia hiyo.

Je, mwanya ni tatizo?

Mara nyingi hapana. Kwetu mwanya ni urembo, na hapa pia hakuna atakayekulazimisha kuuziba. Kwa mtoto mdogo, nafasi kati ya meno ya utotoni ni jambo jema, kwa sababu meno ya ukubwani huwa mapana zaidi. Kati ya miaka 7 na 12 mwanya wa mbele huonekana sana, kisha mara nyingi hupungua wenyewe chonge za juu zinapoota.

Lakini muone daktari wa meno ikiwa:

- wewe ni mtu mzima na mwanya umetokea au kupanuka siku hizi. Huenda ni ugonjwa wa fizi, ambao kwa Kiswidi huitwa "tandlossning". Huo hutibiwa kwanza, kabla ya kufikiria urembo;
- mtoto bado ananyonya kidole na meno ya mbele yanasogea;
- kuna jino ambalo halikuota kabisa.

Hapo kwenye jino lisiloota nina neno la ziada. Baadhi yetu tulipokuwa wachanga tuling'olewa "meno ya plastiki", ambayo Uganda wengi huyaita ebino. Yale hayakuwa meno mabaya. Yalikuwa chonge changa ndani ya fizi, na kuyang'oa kunaweza kuharibu jino la ukubwani lililo chini yake. Kama ulifanyiwa wewe au mwanao, mwambie daktari bila aibu; itamsaidia kuelewa anachokiona. Na hapa Sweden mtoto yeyote asifanyiwe hivyo.

Njia za kuziba mwanya

Vyuma vya meno ("tandställning") husogeza meno polepole, mara nyingi kwa mwaka mmoja hadi miwili. Baadaye hubandikwa waya mwembamba nyuma ya meno ili yasirudi yalikotoka. Wengine huvaa kifuniko cha plastiki angavu kinachovuliwa wakati wa kula. Kwa mwanya mdogo, daktari anaweza kuongeza upana wa jino kwa ujazo wenye rangi ya jino. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, ila ujazo huchakaa na kuvunjika. Kama jino halipo, yapo meno ya bandia ya kudumu. Wakati mwingine kinyama kinachounganisha mdomo wa juu na fizi hukatwa kidogo.

Nani analipa?

Tangu Januari 1, 2025, matibabu ya meno ni bure hadi mwisho wa mwaka ambao kijana anatimiza miaka 19. Vyuma pia ni bure, lakini pale tu mtaalamu anapoona vinahitajika. Mwanya mdogo peke yake mara nyingi haukubaliwi. Foleni huwepo, basi msingoje hadi kijana awe na miaka 18.

Mtu mzima hulipa mwenyewe, na vyuma vinaweza kufika makumi ya maelfu ya kronor. Msaada wa serikali kwa meno ya watu wazima hauhusu urembo mtupu. Kabla ya kukubali, omba bei yote kwa maandishi ("kostnadsförslag"). Usitie saini mkataba wa kulipa kidogo kidogo ambao hujauelewa. Deni lisilolipwa linaweza kufika Kronofogden, na alama ya deni hufanya kupata nyumba kuwe kugumu.

Uanzie wapi?

Piga simu Folktandvården iliyo karibu nawe, au kliniki binafsi unayoichagua. Ukiweka miadi sema: "Jag behöver tolk på swahili", yaani nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Usimfanye mtoto awe mkalimani. Ukishindwa kufika, toa taarifa mapema, angalau siku moja kabla, usije ukatozwa. Kwa ushauri piga 1177.

Yule binti alitoa kile kijipira siku ileile na akapata miadi. Daktari akisema mwanya wake hauna shida, atachagua mwenyewe kuupenda au la. Kama kuna barua ya daktari wa meno usiyoielewa, ilete ofisini tuisome pamoja.