Haba Haba: Kwa nini kura za nyumbani hazikutosha

Msikilizaji wa Ubaruku anayepima mchele anaijua methali ya haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 2011 methali hiyo ilifika Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya yanayoonyeshwa kwenye televisheni.

Aliyeifikisha ni Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Norway. Wimbo wake, Haba Haba, umechanganya Kiingereza na Kiswahili, na unasimulia mawaidha ya bibi. Februari 12 uliibuka mshindi nchini Norway, ukapewa nafasi ya kuiwakilisha nchi hiyo.

Mei 10, mjini Düsseldorf, Ujerumani, nchi 19 zilipambana katika nusu fainali ya kwanza. Kumi ndizo zilizosonga mbele. Norway ilishika nafasi ya 17 kwa pointi 30.

Wimbo uliopendwa nyumbani ulikwama wapi? Mwaka huo nusu ya matokeo ilitokana na kura za simu za watazamaji, na nusu na majaji wa kila nchi. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kuipigia nchi yake. Mashabiki waliompa Stella ushindi Februari hawakuweza kumsaidia usiku ule. Kibaba chake kilipaswa kujazwa na wageni, nacho hakikujaa.