Wasinhala: Kisa cha Simba, Ushahidi wa Lugha

Robo tatu hivi ya wananchi wa Sri Lanka ni Wasinhala. Mahavamsa, tarihi iliyoandikwa kwa Kipali na watawa wa Kibuddha yapata karne ya 5, inasimulia kuwa asili yao ni Vijaya, mwanamfalme mkorofi aliyefukuzwa kaskazini mwa India pamoja na wafuasi 700. Babu yake eti alikuwa simba, na jina la Wasinhala limetokana na mnyama huyo.

Wanahistoria hawakichukui kisa hicho kama kilivyo, ila lugha inakiunga mkono kwa sehemu. Kisinhala ni ndugu wa Kihindi na Kibengali, lugha za kaskazini mwa India, na nduguye wa karibu kabisa ni Kidivehi cha Maldivi. Kitamil cha majirani zao ni cha ukoo mwingine, wa Kidravidi. Maandishi yaliyochongwa mapangoni kuanzia karne ya 3 K.K. yanaonyesha kuwa lugha hiyo ya kaskazini ilikwisha kufika kisiwani.

Baada ya kutengana na nduguze, Kisinhala kilishika njia yake. Kilipoteza sauti za mpumuo kama bh na dh, kikapata mb na nd zinazotamkwa kwa mkupuo mmoja, kama tusemavyo mbuzi na ndizi. Muundo wa sentensi zake nao ukaukaribia ule wa Kitamil. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha vilevile kuwa Wasinhala na Watamil wa kisiwa hicho wamechanganyika sana.

Kwa mujibu wa tarihi, Ubuddha uliletwa karne ya 3 K.K. na Mahinda, mwana wa Mfalme Ashoka, aliyekutana na Mfalme Devanampiya Tissa huko Mihintale. Mafundisho yaliyokuwa yakihifadhiwa vichwani yaliandikwa karne ya 1 K.K., kwenye mapango ya Aluvihare. Wasinhala wengi ni Wabuddha wa Theravada mpaka leo, ingawa pwani ya Negombo ina Wakatoliki tangu enzi za Wareno.

Sheria ya 1956 ilikifanya Kisinhala kuwa lugha pekee rasmi. Manung'uniko ya Watamil yakazidi, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikadumu kutoka 1983 hadi 2009. Hoja ya asili ilitumiwa kuwatenga watu waliochanganyika damu, ilhali kinachomtambulisha Msinhala zaidi ni lugha anayoisema na, kwa walio wengi, hekalu anamosali.