CHUPA: NENO MOJA, MAANA NYINGI

Ndugu msomaji, neno "chupa" unalisikia kila siku. Hata Kirundi kina "icupa". Lakini kwenye mambo ya afya, chupa si moja. Usipoelewa ni ipi inayosemwa, unaweza kumdhuru mtu wako.

CHUPA YA KUPIMIA. Pakiti ya kawaida ya ORS, dawa ya mtu anayeharisha, huchanganywa na lita 1 ya maji safi. Ukiambiwa "tia kwenye chupa", uliza: chupa gani? Ile kubwa ya Primus, iliyozoeleka kutoka Bujumbura hadi Rumonge, ina sentilita 72 tu. Ukiitumia, chumvi itazidi na mtoto atadhurika. Tumia chupa 2 za nusu lita. Dawa ikipita saa 24, imwage.

CHUPA YA JUANI. Maji ya Ziwa Tanganyika yanaweza kuonekana safi, lakini kandokando yake kipindupindu kimezuka mara nyingi. Kama huna kuni wala klorini, jaza maji yasiyo na tope kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Ilaze juani saa 6. Kukiwa na mawingu, siku 2 mfululizo.

CHUPA YA MTOTO. Chuchu yake ni ngumu kusafisha, na vijidudu hukaa humo. Mama, nyonyesha. Mtoto asiyeweza kunyonya, mnyweshe maziwa kwa kikombe kisafi.

CHUPA YA UZAZI. Huu ni mfuko wa maji unaomzunguka mtoto tumboni. Baba, ukiambiwa "chupa imepasuka", usitafute vigae sakafuni! Mpeleke mama kituo cha afya mara moja, hata kama hana uchungu. Kumbuka saa ilipopasuka na rangi ya maji. Maji ya kijani, yenye damu au yanayonuka ni dalili ya hatari. Mama asiingizwe kitu chochote ukeni, wala dawa za kienyeji.

Wenzetu waliotoka Kabezi wanalijua jambo hili. Mwaka 2006 shirika la MSF lilifungua huko kituo cha dharura za uzazi. Gari la wagonjwa liliwafuata akina mama kwenye vituo vya afya, mchana na usiku, kwa sababu kuchelewa kunaua. Lakini gari haliwezi kumfuata mama aliyebaki nyumbani bila mtu kutoa habari.

Basi, chupa ikipasuka, usingoje kupambazuke. Mwite mhudumu wa afya wa mtaa wako.