'Fuwele ya muda' au 'fuwele ya wakati'?

Juzi mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea tafsiri ya makala ya fizikia. Mle ndani alikuwa ameandika 'fuwele ya muda'. Nikamuuliza: "Hiyo fuwele mkataba wake unaisha lini?" Akacheka, akidhani natania.

Sote twamjua mwalimu wa muda. Twazijua pia kazi ya muda na makazi ya muda. Katika miundo kama hiyo, 'muda' hudokeza jambo lisilodumu. Hebu basi tutazame kitu chenyewe kinachopewa jina.

Fuwele ya kawaida, mathalani punje ya chumvi, ni chembe zilizojipanga kwa utaratibu unaojirudia kutoka mahali hadi mahali. Mnamo 2012, mwanafizikia Mmarekani Frank Wilczek aliuliza: je, utaratibu waweza kujirudia katika wakati? Mwaka wa 2015, Haruki Watanabe na Masaki Oshikawa walithibitisha kuwa mfumo uliotulia hauwezi. Mambo yakaishia hapo? Wapi! Watafiti waligeukia mifumo inayochochewa kwa mipigo ya mfululizo, na mwaka wa 2017 makundi mawili, la Chuo Kikuu cha Maryland na la Harvard, yakachapisha matokeo ya majaribio.

Mfikirie mcheza ngoma. Ngoma inapigwa mara mbili ndipo yeye anarudi alipoanzia. Mpigaji akikosea kidogo, mchezaji hayumbi. Ndivyo zilivyofanya ioni 10 za Maryland. Kwa kuwa zilikuwa zikiathiriana, zilirudia hali yake kila baada ya mipigo miwili, hata mipigo yenyewe ilipokuwa na kasoro. Ushupavu huo ndio unaozistahilisha jina la fuwele.

Ni kweli kwamba maabarani mwendo huo hufifia hatimaye, mazingira yanapouingilia. Hata hivyo, jina halitokani na kufifia bali na kujirudia. Kwa hiyo 'fuwele ya muda' inampotosha msomaji, ilhali 'fuwele ya wakati' inamfikisha.

Wapo watakaosema Kiswahili hakiiwezi fizikia. Jamani! Hapa lugha ilikuwa na maneno mawili tayari. Kilichokosekana ni mfasiri kukielewa kitu kabla ya kukibandika jina. Kamusi ya Kiingereza itakupa 'muda' na 'wakati' bega kwa bega, lakini kazi ya kuchagua itabaki kuwa yako.