Kilwa Yenye Hazina Isiyokwisha

Katika Europa Universalis IV, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Paradox ya Uswidi, mchezaji kwa kawaida huanzia Novemba 11, 1444 akiongoza dola aitakayo, Kilwa ikiwamo. Anapohifadhi mchezo, hali yote ya dunia hiyo huandikwa kwenye faili. Faili hilo likishakunjuliwa ni maandishi matupu: tafuta ZAN, herufi zinazosimama badala ya Kilwa (ajabu, lakini ndivyo), shuka hadi kwenye hazina, badili 50 iwe 5000, hifadhi, na sultani ameamka tajiri.

Wapo watakaosema huo ni wizi mtupu. Aliyeibiwa ni nani? Anayecheza peke yake hana mpinzani wa kumlalamikia, na anayelichungulia faili hugundua jinsi mchezo unavyofikiri: vita, dini na biashara ni tarakimu zinazosukumana. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba ushindi wa bure haunogi. Kweli, lakini hilo ni suala la ladha, si la haki, na watengenezaji wenyewe wamelitenga: hali iitwayo Ironman huhifadhi faili kwa mfumo wa jozi usiosomeka kwa macho, na tuzo rasmi hupatikana humo. Mkicheza wengi, mambo hugeuka. Kugusa hazina bila ridhaa ya wenzako ni udanganyifu. Ukitaka kujaribu, nakili kwanza faili la awali, maana bano moja likipotea mchezo waweza kukataa kufunguka.